Jeneza la Kukatia Kona

Mkiona nchi hii inafanana na yenu, kosa ni la yenu. Hii nimeitunga mwenyewe, nikaichorea mipaka, nikaipa bendera na wimbo, na sikumwibia mtu. Jina lake silitaji kwa sababu sheria zake zinataka anayelitaja awe amesimama wima, mkono kifuani, na mimi naandika nimekaa.

Mkuu wa nchi hiyo aliitwa Baba wa Mwendo. Siku moja ya sherehe za uhuru, wananchi wakiwa wamekaushwa uwanjani tangu alfajiri, alitangaza kwamba taifa limeshaondoka na halitasimama mpaka lifike. Litafika wapi hakusema, na hakuna aliyeuliza, kwani wenye tabia ya kuuliza walikuwa wameshapelekwa mahali ambako hawasumbui mtu. Washauri wake walirudi ofisini wakaikamua hotuba ile mpaka ikatoa sheria. Kusimama barabarani kukawa ni kulichelewesha taifa. Taa za barabarani ziling'olewa, maana taa inayowaamuru watu wazima wasimame haina uzalendo. Matuta yalisawazishwa. Vivuko vya waenda kwa miguu vilifutwa kwa mafuta ya taa, kwa hoja kwamba kumsimamisha mwenye gari kwa ajili ya mwenye ndala ni kuyatukana maendeleo. Na kugeuza gari kurudi ulikotoka ndiko kulikuwa kosa kubwa kupita yote, maana taifa halirudi nyuma, na ukigeuza unaonekana kama una shaka.

Basi ndivyo ilivyozaliwa Barabara ya Maendeleo. Ilikuwa pana, nyeusi, imenyooka, na magari yalipita humo yakifukuzana mchana kutwa: malori ya bandarini, mabasi, pikipiki, na magari meusi ya wakubwa ambao kwa kweli hawakuwa na haraka yoyote, ila walikuwa na breki zilizosahau kazi.

Mtaa wa Kigogoni ulikuwa kando ya barabara hiyo, na ulikuwa na mdomo mmoja tu wa kutokea. Ukifika mdomoni, kushoto ni makaburi. Kulia ni shule, soko na hospitali. Kwa kuwa watu wa nchi ile waliendesha upande wa kushoto, kukata kushoto ilikuwa kazi ndogo, unajichomeka tu na kwenda zako. Kukata kulia ilikupasa uvuke magari yanayotoka huku, kisha uombe nafasi kwa yanayotoka kule, na hakuna hata moja lililokuwa na ruhusa ya kukupa. Waliojaribu, baadhi yao walifika walikokuwa wakienda. Wengine waliokotwa wakapelekwa kushoto. Serikali haikuwa na ubaya wowote na mtu anayekwenda makaburini.

Nyumba ya kwanza kabisa, pale pale konani, ilikuwa ya Bi. Mashavu na mumewe Hatibu. Hatibu alikuwa ametumikia kiwanda cha saruji cha serikali mpaka mapafu yake yakawa hayana nafasi ya hewa. Alipostaafu walimpa cheti chenye picha ya Baba wa Mwendo na kikohozi. Kila wiki ilibidi apelekwe hospitali akavutishwe hewa ya mtungi, na aliyempeleka alikuwa Chande, jirani yao muuza magodoro, kwa pikapu yake kuukuu. Walimlaza Hatibu nyuma juu ya magodoro, Bi. Mashavu akamshika mkono, na pikapu ikasogea mpaka mdomoni mwa mtaa. Hapo ikakaa. Ilikaa mpaka jua likahama upande. Hospitali yenyewe waliiona kutoka pale walipokuwa, paa lake la bluu kabisa, na nguo za wagonjwa zikipepea kwenye kamba. Bi. Mashavu alikuwa akimsikiliza mumewe anavyovuta pumzi, na alijua, hakuhitaji daktari wa kumwambia, kwamba siku moja pumzi ile itaisha hapo hapo kabla gari halijapata upenyo. Hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi.

Watu wa Kigogoni walilalamika, na lazima niseme ukweli, serikali haikuwapuuza. Iliwapelekea waziri.

Mheshimiwa Dakta Tumainieli Kishindo, Waziri wa Kona na Mielekeo, alikuja na msafara mrefu, ving'ora mbele, ving'ora nyuma. Viti vya plastiki vilipangwa, hema likafungwa, vijana wakacheza ngoma kwenye vumbi. Waziri akapanda jukwaani akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ndugu wananchi wa Kigogoni," alisema, "nimeambiwa mna tatizo la kona. Nimeitazama kona yenu. Nimeikagua kwa jicho la kitaalamu. Kona haina tatizo! Ni kona nzuri, ina pembe zake zote. Tatizo liko hapa." Akajigonga kichwani. "Ni fikra. Mtu anafika konani na moyo umeshakata tamaa, gari litakata vipi?"

Wapambe wakapiga makofi. Bi. Mashavu alisimama kwenye safu ya nyuma.

"Mheshimiwa, mume wangu ni mgonjwa wa mapafu. Tunaomba taa tu. Au tuta moja. Au basi, tuletee trafiki mmoja anyanyue mkono tupite."

"Mama yangu," waziri akasema kwa upole mwingi, upole ule wa mtu anayezungumza na mbuzi wa jirani, "unataka nilisimamishe taifa zima kwa ajili ya mapafu mawili?"

Watu walicheka. Ndiyo, walicheka, na baadhi yao walikuwa majirani zake, kwa sababu soda zilikuwa hazijagawiwa bado. Bi. Mashavu aliketi. Hakuwasamehe siku ile, na mimi siwaombei.

Kisha waziri akasema atawaonyesha kwa vitendo. Akaingia ndani ya gari lake jeusi. Askari wake wakaruka barabarani, wakaifunga huku na huku, ving'ora vikalia, malori yakasimama yakihema, na gari la waziri likakata kulia taratibu kama bibi harusi anayeingia ukumbini. Kioo kikashuka kidogo.

"Mmeona?" waziri akapaza sauti. "Nimekata! Ugumu uko wapi?"

Akaenda zake, na barabara ikafunguka nyuma yake kwa kishindo.

Hata hivyo hakuwaacha mikono mitupu. Baada ya muda mfupi yalikuja malori ya wizara yakasimika bango kubwa pale pale konani. Lilikuwa na picha ya waziri akitabasamu, na maandishi: USALAMA WAKO, FAHARI YANGU. Lilikuwa kubwa kiasi kwamba dereva anayetoka Kigogoni hakuweza tena kuona magari yanayotoka upande wa kulia. Aliona meno ya waziri tu. Chande alijaribu kuchungulia chini ya kidevu cha mheshimiwa, pikipiki ikampunguzia kioo cha pembeni. Alipokwenda kulalamika aliambiwa bango ni mali ya umma na kulichungulia ni dharau.

Siku moja alifariki Mzee Shomvi, mshona viatu wa mtaa ule. Aliacha usia azikwe kando ya mama yake, kijiji cha mbali kidogo, upande wa kulia. Watu wakapigwa na bumbuwazi: marehemu naye anataka kukata kulia! Lakini usia ni usia. Chama cha kuzikana kilikuwa na jeneza lake la mtaa, la mbao ngumu, lenye mikono ya kubebea na shuka la kijani, ambalo wote walilitumia na kulirudisha. Funguo za banda lake zilikaa kwa Bi. Mashavu. Alilifungua, wanaume wakambeba mzee wa watu mabegani, wakapokezana mpaka mdomoni mwa mtaa, wakafumba macho na kuingia barabarani.

Barabara ya Maendeleo ikasimama.

Lori la kwanza lilisimama, la pili likasimama, basi likazima redio. Madereva walivua kofia. Aliyekuwa akila muhogo alificha muhogo. Katika nchi ile walikuwa wameng'oa kila kitu, taa, matuta, alama na aibu, ila walisahau kung'oa hii desturi ya kusimama maiti anapopita. Pengine hakuna mshauri aliyethubutu, maana kila mmoja alijua siku yake itafika. Jeneza likapita polepole, watu nyuma yake, na nyuma ya watu ilikuwa pikapu ya Chande yenye magodoro, ambayo haikuwa na habari na msiba, ikapita salama ikakata kulia.

Chande alirudi jioni hawezi kutulia.

"Bi. Mashavu," alisema akiwa bado ameshika usukani, "umeona lakini? Wamesimama! Wote!"

"Wamemsimamia Shomvi, si wewe."

"Wao watajuaje kama ndani yupo Shomvi?"

Bi. Mashavu alilitazama dirisha la chumbani, ambako Hatibu alikuwa akikohoa, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye pindo la kanga alikofunga funguo.

Wiki ile Hatibu alipelekwa hospitali asubuhi na akarudi mapema akala chakula cha mchana nyumbani. Jeneza lilitangulia, tupu, wanaume wanne wamelibeba kwa nyuso za huzuni, pikapu ikafuata. Bi. Mashavu alitembea nyuma yake. Wanawake wa mtaa ule hawakuwa na desturi ya kufuata jeneza, lakini jeneza tupu hakuna aliyewahi kuwakataza.

Nani angekubali mgonjwa apite halafu wengine wabaki? Kesho yake walikuja wazazi wenye watoto wa shule. Keshokutwa yake wauza mboga. Kabla mwezi haujaandama, jeneza la Kigogoni lilikuwa halilali. Asubuhi lilitoka na wanafunzi, na wale waliokuwa hawajamaliza kazi za shule walilia kwa uchungu wa kweli. Mchana lilitoka na wafanyabiashara. Kuna bibi harusi alivushwa nyuma ya jeneza huku shangazi zake wakizuia vigelegele mpaka wavuke. Wabebaji walipata ujuzi, wakajua kulegeza mabega na kuinamisha shingo, na mmoja wao, kijana Mdoe, alikuwa hodari wa kulia kiasi kwamba watu wa mitaa mingine walikuja kumwazima kwa misiba ya kweli. Madereva wa malori waliipita Kigogoni wakitikisa vichwa. "Mtaa ule," walisema, "sijui wamekosa nini." Wizara ya Afya ilituma watu wakanyunyizia dawa ya mbu, na gazeti la serikali liliandika kwamba wananchi wa Kigogoni wanaongoza nchi nzima kwa kufa kwa nidhamu.

Na wakati huo wote hakuna aliyekufa pale konani. Hata kuku hakukanyagwa.

Wangeendelea hivyo mpaka leo, lakini watu wa Kigogoni wana kasoro moja: hawapendi kabisa kulowa. Siku hiyo msafara wa Waziri Kishindo ulikuwa ukipita, na wenyewe ulisimama, kwa sababu desturi haikuwa na msamaha kwa waziri. Waziri alishusha kioo, akavaa uso wa simanzi mbele ya wapigapicha. Jeneza lilikuwa katikati ya barabara. Mvua ikashuka ghafla, ile ya matone makubwa. Wabebaji, bila kushauriana, wakafanya kile ambacho mikono yao iliona ni akili: walilipindua jeneza, mdomo chini, wakajifunika nalo vichwa, wakakimbia. Mfuniko ulibaki kwenye lami. Mdoe aliurudia akaukinga juu ya mama mmoja mwenye mtoto mgongoni.

Waziri aliwatazama mpaka walipoishia ng'ambo. Wapigapicha waliambiwa wazime kamera. Hawakuzima.

Bunge lilikutana upesi, jambo ambalo halikuwahi kutokea hata wakati wa njaa. Mheshimiwa Kishindo alihutubia akitetemeka.

"Waheshimiwa, tumechezewa! Taifa limesimamishwa, narudia, limesimamishwa, kwa ajili ya mbao! Leo wanabeba jeneza tupu, kesho watabeba nini? Tukiruhusu watu kuvuka barabara kwa ulaghai, watazoea kuvuka!"

Ikapitishwa Sheria ya Uhalisia wa Maiti. Ilisema kwa maneno machache na makali kwamba hakuna jeneza litakaloingia Barabara ya Maendeleo isipokuwa lina mtu ndani, na mtu huyo awe amekufa, na kufa kwake kuwe kumethibitishwa papo hapo na afisa wa serikali. Jeneza tupu, marufuku. Jeneza lenye aliye hai, marufuku zaidi.

Afisa aliyeletwa Kigogoni aliitwa Afande Msabaha. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi ninapomkumbuka. Alikuwa na sare iliyopigwa pasi, glavu nyeupe, filimbi shingoni, na kioo kidogo cha mkono cha kumwekea maiti puani aone kama kinaingia ukungu. Aliweka kiti chake kwenye kivuli cha bango, chini ya meno ya waziri, akakaa. Bi. Mashavu alimpelekea chai siku ya kwanza, kwa sababu mgeni ni mgeni. Akamwuliza:

"Afande, mwanangu, hiyo filimbi inafanya kazi?"

"Inafanya sana, Mama."

"Na ukinyanyua mkono wenye glavu nyeupe, magari yatasimama?"

"Lazima yasimame. Mimi ni dola."

"Basi si unyanyue tu, watoto wapite shule?"

Afande Msabaha aliweka kikombe chini, akaonekana amemwonea huruma. "Mama, mkono huu si wa walio hai. Nimepewa kwa ajili ya maiti. Nikiwanyanyulia wazima nitakuwa nimetumia vibaya mali ya umma."

Akaendelea kunywa chai. Mbele yake watoto wa shule walisimama ukingoni mwa lami, wameshikana mikono, wakitafuta upenyo.

Basi ikafika siku yenyewe, siku ya kilele cha Wiki ya Kona Salama. Redio zilikuwa zikiimba wimbo wake tangu asubuhi. Hatibu alimaliza uji akasema amechoka, kisha akashika kifua, na midomo yake ikaanza kugeuka rangi. Bi. Mashavu alipiga ukelele mmoja tu. Chande alikuja mbio, wakampandisha juu ya magodoro, pikapu ikafika konani.

Magari yalikuwa yakipita bila mwanya. Chande alipiga honi, akawasha taa, akavua shati akalipunga dirishani. Alisogeza pua ya gari mbele, lori likapita na taa yake ya mbele.

"Haiwezekani, Bi. Mashavu! Watatuua wote!"

"Kata kushoto ugeuze mbele!"

"Nigeuze? Waliponikamata nikigeuza mara moja nilikaa ndani mpaka mke wangu akaanza kugawa nguo zangu. Na hivi leo askari wamejaa huko, leo ni kilele!"

Bi. Mashavu alikuwa ameshashuka. Alifungua banda, akawaita wabebaji kwa majina, akaweka godoro ndani ya jeneza kwa mkono wake mwenyewe. Walipomlaza Hatibu humo, yeye alifungua macho akatabasamu, kwa sababu ndivyo alivyokuwa, hata mapafu yangeisha utani usingeisha.

"Mashavu," alisema kwa shida, "kumbe ni jembamba hivi. Mbona marehemu hawalalamiki?"

"Nyamaza. Hifadhi pumzi. Fumba macho, usikohoe."

"Nikikohoa?"

"Hatibu, nakuomba."

Walimfunika shuka la kijani, wakamnyanyua. Hawakuweka mfuniko. Afande Msabaha aliinuka kwenye kiti chake, akavaa kofia, akawazuia kwa adabu.

"Poleni sana kwa msiba," alisema. Alifunua shuka, akaweka kioo puani kwa Hatibu. Kioo kikaingia ukungu. Alikifuta kwa kitambaa, akarudia. Ukungu tena. "Mama, huyu anapumua."

"Ndiyo, anapumua! Ndiyo maana tunampeleka hospitali! Tazama midomo yake, mwanangu, nyanyua mkono tupite!"

"Aliye hai haruhusiwi jenezani."

"Tumtoe basi, tumbebe mikononi!"

"Mkimtoa, mtakuwa mmebaki na jeneza tupu mbele ya barabara, na hilo ni marufuku peke yake. Na huyo mkishambeba mikononi atakuwa raia wa kawaida anayevuka. Raia wa kawaida wanavuka wenyewe."

"Chukua jeneza! Lichome moto! Nyanyua mkono wako!" Bi. Mashavu alikuwa amemshika ukosi, na jasho lake na machozi yake vilikuwa vimelowesha ile sare ya pasi.

Afande Msabaha alijibandua polepole. Alitoa simu ya upepo akaita makao makuu. Makao makuu walisema wakubwa wote wako kwenye kilele, waziri anakaribia kuondoka kwenda kuhutubia juu ya thamani ya uhai, hakuna wa kutoa ruhusa. Mhusika abaki alipo mpaka hali yake itakapoeleweka. Afande akapokea amri. Aliwaomba walitue jeneza kivulini, chini ya bango, mgonjwa asipigwe na jua. Hata akaleta kiti chake ili Bi. Mashavu akae.

Hakukaa. Alipiga magoti akampepea mumewe kwa upindo wa kanga. Chande aliingia barabarani mikono juu akipiga kelele, pikipiki ikamkwaruza akaanguka pembeni, wakamvuta. Mdoe alianza kulia, na safari hii watu waliomjua hawakumsifu. Kila baada ya kitambo Afande Msabaha aliinama na kioo chake. Ukungu mwingi. Ukungu. Ukungu kidogo. Hatibu alimtazama mkewe, midomo ikacheza kama anatafuta utani wa mwisho, asiupate. Macho yake yakaelekea upande wa lile paa la bluu.

Afande aliinama. Kioo kilikuwa safi. Alikifuta, akarudia, na kioo kikawa safi vilevile, akajiona mwenyewe ndani yake.

Alisimama wima, akapiga saluti. Kisha alivuta glavu zake zikakaa vizuri, akatembea mpaka katikati ya Barabara ya Maendeleo, akapuliza filimbi na kunyanyua mkono mmoja.

Magari yote yakasimama. Malori, mabasi, pikipiki, huku na huku, mpaka mwisho wa upeo. Kukawa kimya kiasi cha kusikia nguo za wagonjwa zikipepea kule ng'ambo.

Bi. Mashavu aliutazama mkono ule. Ulikuwa mkono wa kawaida tu, wenye glavu iliyotoboka kidogo kidoleni.

"Piteni, Mama," Afande alisema kwa sauti ya chini. "Poleni sana. Na usiwe na wasiwasi, huyu hataandikwa kwenye ajali. Alikuwa amesimama."

Wabebaji walinyanyua jeneza, wakaanza kugeukia makaburini.

"Mnakwenda wapi?" Bi. Mashavu aliwauliza.

"Makaburi yako kushoto, Mama," Afande akamkumbusha.

"Mume wangu alikuwa anakwenda hospitali."

"Lakini Mama, aliyekufa hapelekwi hospitali..."

"Amekaguliwa?"

"Amekaguliwa."

"Amethibitishwa?"

"Amethibitishwa, Mama."

"Basi shikilia mkono wako hapo hapo juu. Sasa ni wa kwetu."

Akatangulia mbele ya jeneza, kichwa wazi, kanga imeanguka mabegani, na wabebaji wakamfuata. Wakaingia barabarani, wakakata kulia. Mtaa mzima ulitoka nyuma yao, hata wale waliocheka siku ile ya soda. Hawakuharakisha. Msafara wa Waziri Kishindo ulifika ukakuta njia imejaa mgongo wa watu, ving'ora vikalia, vikalia, kisha vikanyamaza vyenyewe kwa aibu ya kulilia maiti asiyevihusu. Waziri alishusha kioo, akavaa ule uso wake wa simanzi. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Alitembezwa nyuma ya Hatibu kwa mwendo wa miguu ya Bi. Mashavu, njia nzima, na hotuba yake juu ya thamani ya uhai ikapoa mapajani.

Walipofika hospitali walilitua jeneza mlangoni. Muuguzi alitoka akikunja mikono ya gauni lake, akafunua shuka, akamgusa Hatibu shingoni. Aliwatazama kwa hasira ya mtu aliyezoea kuletewa watu wakiwa wameshaharibika.

"Nyinyi watu mkoje?" alisema. "Mnakaa pale ng'ambo tu, nawaona kila siku. Mbona mmemchelewesha hivi?"

"Tulikuwa tunakata kulia," alisema Bi. Mashavu.